Duara limekuwa yai tangu nipigiwe Windows mpya

Swali

Ami, asalam aleikum na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni, na kazi yangu ni kuchapa kadi za harusi na mialiko ya maulidi, na mara moja moja vibango vya maduka. Mwaka wa sita huu nafanya hii kazi na mtambo ni ule ule, desktopi ya Core i5 nilonunua ikiwa imetumika, na skrini pana ya inchi 22 ambayo wallahi haijawahi kunisumbua hata siku moja.

Wiki mbili nyuma stima ilikatika na kurudi mara tatu usiku mmoja, asubuhi kuwasha kompyuta Windows ikakataa, vile vidoti vinazunguka tu mpaka nikachoka kuvitizama. Nikaibeba sipiyu peke yake kwa tuktuk mpaka town kwa fundi mmoja, skrini nikaiacha nyumbani kwa sababu nilijua haina neno. Fundi akapiga Windows 10 upya, jioni akanionyesha kwa skrini yake, ile ya mraba ya zamani, nikaona iko sawa, nikalipa nikarudi.

Kufika nyumbani kuunganisha, kila kitu kimekuwa kikubwa na kimevimba. Maandishi yana ukungu, alama za kwenye deskitopi ni manene, nikichora duara latoka yai lililolala. Nikavuta dirisha laenda kwa kukwama kwama. Nikaingia kwenye setingi nibadilishe rezolusheni nikakuta imeandikwa 1024 kwa 768 na pale pa kuchagua hapafunguki, pamefifia.

Sasa kilichoniuma hasa ni hiki. Nlikuwa na oda ya kadi hamsini zenye picha ya bwana na bibi harusi, na kwa skrini niliwaona nyuso zimepanuka, nikajua ni picha imeharibika wakati wa kuhamisha kutoka kwa flashi, basi nikaibana kidogo kidogo kwa mausi mpaka sura zikakaa vizuri machoni. Nikachapa zote hamsini. Kutoka kwa printa Ami, wale watu wamekuwa wembamba kama waliotoka wodini, kichwa kirefu, shingo ndefu. Mama wa bibi harusi alizichukua moja akaitizama kimya, kisha akairudisha juu ya meza akaniuliza, "Huyu ni nani?" Sikuwa na jibu. Nimeahidi kuwachapia nyengine na Jumamosi ndio mwisho.

Nimempigia yule fundi asema skrini yangu imechoka, imekula siku zake, ninunue nyengine, na yeye anayo moja ya elfu nane. Mume wangu naye asema bora tuuze mtambo wote tununue laptopu. Na kama haitoshi, wifi nayo haishiki tangu siku ile ile, lakini hio naona ni mambo mengine nitashughulika nayo baadaye.

Niambie ukweli, ninunue skrini?

Mchapa kadi, Kisauni


Jibu

Waaleikum salam mwanangu, marahaba. Pole sana kwa hizo kadi, na hasa kwa lile swali la mama wa bibi harusi.

Usinunue skrini. Hio elfu nane ieke pale pale ilipo, na laptopu pia mwambie bwana isubiri. Skrini yako nzima, na ushahidi umenipa mwenyewe kwa barua yako bila kujua, ni hapo uliposema wifi imegoma siku ile ile halafu ukasema ni mambo mengine. Si mambo mengine mwanangu, ni jambo lile lile moja. Skrini ikichoka haiwezi kuchukua wifi ikaenda nayo. Vitu viwili visivyojuana vikiharibika saa moja, baada ya mtambo kupigwa Windows, basi kilichopungua kiko ndani ya Windows, na hicho kilichopungua ni draiva.

Draiva ni programu ndogo inayoifundisha Windows namna ya kusema na kifaa fulani, kuna ya grafiksi, kuna ya wifi, ya sauti, ya printa na kadhalika. Windows yako ya kwanza ilikuwa nazo zote, pengine zilijipakua zenyewe miaka hio bila wewe kujua. Ukipiga Windows upya zafutika zote. Windows mpya ikikosa draiva ya grafiksi haikai giza, yatumia ya akiba inayokuja nayo, yaitwa Microsoft Basic Display Adapter, na hio kazi yake ni kukuonyesha picha tu ili usikwame, haijui mengine. Ndio mara nyingi yakwama kwenye nukta 1024 kwa 768, ndio pale pa kuchagua pamefifia, ndio dirisha ukilivuta laenda kwa kukwama, manake ile chipu ya grafiksi imekaa bure na kazi yote ya kuchora yafanywa na prosesa. Na kwa kawaida Windows 10 ingejitafutia draiva yenyewe kwenye intaneti siku ya kwanza, lakini ya wifi nayo haipo, kwa hivo haina njia ya kutoka kwenda kuitafuta. Imefungiwa ndani.

Hebu nikuoneshe kwa nini duara limekuwa yai, manake hapa ndipo kadi zako zilipoharibikia. Skrini hizi bapa zina nukta zilizohesabiwa kiwandani, haziongezeki wala hazipungui. Skrini pana nyingi za inchi 22 za miaka hio ni 1680 kwa 1050 (yako itizame namba ya modeli kwenye kikaratasi cha nyuma, kuna zengine ni 1920 kwa 1080). Tuseme ni hio ya kwanza, basi ina nukta 1,764,000. Mtambo wako saa hizi watuma 786,432, hata nusu hazifiki, na skrini yalazimika kuzitandaza hizo chache zijae kioo kizima, zilizobaki yazikisia. Ukungu wa maandishi unatoka hapo. Na isitoshe umbo lenyewe halilingani, 1024 kwa 768 ni umbo la ile skrini ya mraba ya zamani, yako ni pana, kwa hivo picha yavutwa kwa ubavu. Ukichora duara la sentimita 10 kwenda juu, ubavuni lafika sentimita 12. Chukua rula uieke juu ya kioo upime, usiniamini mimi.

Sasa printa haijui habari ya kioo chako. Printa yasoma faili. Faili la wale maharusi lilikuwa sawa tangu mwanzo, kioo ndicho kilichowapanua, wewe ukawabana ili kioo kikae sawa, na printa ikachapa kule kubana kwako. Ndio wakatoka wembamba. Hukukosea kwa uzembe, ulifanya kile ambacho jicho lako lilikwambia, na jicho lako ni zuri manake ulikisia karibu kabisa na kipimo.

Na yule fundi naye nafahamu kwa nini hakuona. Alijaribu kwa skrini ya mraba, na kwenye skrini ya mraba 1024 kwa 768 yakaa vizuri tu, duara ni duara. Lakini hilo halimtoi makosani. Kazi ya kupiga Windows haijaisha mpaka ufungue Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, uone hakuna kipembe cha manjano hata kimoja, ile alama ya kifaa chenye tatizo, na kumwambia mtu skrini imekufa bila kuiona skrini yenyewe, hapo sikubaliani naye kabisa.

Haya, twende kazini. Chukua simu yako ya Android na waya wake wa chaji ule unaopitisha data, uchomeke kwa kompyuta, halafu kwenye setingi za simu tafuta mahali pa hotspoti uwashe USB tethering. Windows itaiona simu kama waya wa intaneti na hapo haihitaji draiva ya wifi. Eka bando ya kutosha, usiende na MB mia moja. Kisha kwa kompyuta ingia Settings, Update & Security, Windows Update, bonyeza Check for updates, na chini yake ukiona maneno View optional updates fungua hapo, mara nyingi draiva zajificha ndani ya hilo. Ya wifi ikitangulia kuingia, chomoa simu uendelee na wifi ya nyumbani, manake Windows ikishaona mlango uko wazi yaanza kupakua na masahihisho yake mengine yote, na bando yako itaisha kabla hujafika mbali. Draiva ya grafiksi ikiingia utaona kioo kimekuwa cheusi sekunde moja mbili kisha kimerudi kimekazika, usishtuke wala usizime. Zima na uwashe ukimaliza.

Ukitaka kuhakikisha, bonyeza kulia kwenye alama ya Start, chagua Device Manager, fungua palipoandikwa Display adapters. Kabla utakuta Microsoft Basic Display Adapter, baadaye wataka uone Intel HD Graphics au jina la kampuni nyengine. Ikiwa Windows haikuleta kitu, bonyeza jina hilo hilo mara mbili, nenda Details, chagua Hardware Ids, usome herufi za mwanzo. VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD. Hapo wajua uende tovuti ya nani, au nenda tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako ukaandike modeli. Usije ukaandika tu "draiva" kwenye Google ukabonyeza la kwanza, zile programu zinazojidai zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja nyingi zakuletea matangazo na takataka, na wewe kwenye mtambo huo una picha za harusi za watu, picha za wanawake wa watu, ni amana hizo.

Kitu kingine kidogo, geuza sipiyu utizame nyuma. Ukiona matundu ya kuchomeka waya wa skrini yapo sehemu mbili, moja juu karibu na ya USB na nyengine chini imelala peke yake, basi una kadi ya grafiksi ya pembeni na waya wa skrini wafaa uchomekwe kwenye ile ya chini. Ukirudisha kutoka kwa fundi ni rahisi kukosea hapo. Ikiwa tundu ni la sehemu moja tu, pita.

Draiva ikishaingia rudi kwenye deskitopi, bonyeza kulia penye nafasi tupu, Display settings, na sasa pale pa rezolusheni patafunguka. Chagua ile yenye neno Recommended. Ukichagua vibaya kioo kikawa cheusi au kikaandika Out of range, kaa tu usiguse kitu, baada ya sekunde 15 yajirudisha yenyewe.

Sasa kuna jambo laweza kukupata wewe hasa kwa sababu uko pwani, na hili nataka ulisome polepole. Waweza kueka draiva, ikakaa sawa, na bado 1680 kwa 1050 haimo kwenye orodha. Ikiwa hivo, shuku waya. Kama wako ni ule wa VGA, wenye kichwa cha buluu na skrubu mbili, ndani yake mna vimisumari 15 kwa safu tatu. Vyengine vyapitisha rangi, lakini namba 12 na namba 15, vyote viko safu ya tatu, kazi yake ni kubeba maneno. Ndani ya skrini kuna chipu ndogo inayoieleza kompyuta, mimi ni modeli fulani, nukta zangu ni kadha, na maelezo hayo yapita kwenye vimisumari hivo. Vikivunjika au vikishika kutu picha yaendelea kuja kama kawaida lakini kompyuta haijui yazungumza na nani, na kwenye Device Manager pale Monitors yaandika Generic Non-PnP Monitor badala ya Generic PnP Monitor. Hilo neno Non ndilo la kutafuta.

Na hewa yetu hii ya chumvi wajua yenyewe yafanya nini kwa bawaba za milango, hata kwa vimisumari ni vivo hivo. Nimechomoa waya wa VGA nyumba moja Nyali, dirisha laelekea bahari, ukauona kwa ndani una ukijani kama sarafu iliyookotwa mchangani. Yako ukiikuta hivo, zima kila kitu na uchomoe kwenye umeme, sugua taratibu kwa mswaki mkavu mpya, kisha mswaki ule ule uutie isopropili kidogo (ile spiriti ya kusafishia), uache ukauke vizuri kabla ya kurudisha. Usikwangue kwa kisu. Na ukihesabu vimisumari ukapata 14, usimlaumu mtu, namba 9 waya nyingi zatoka kiwandani bila hicho. Njia rahisi zaidi ni kuazima waya wa jirani ujaribu kwa dakika tano kabla hujanunua wowote.

Ukiona kioo ni safi lakini picha imesogea upande, ukingo mmoja umekatika, kwa VGA hilo ni la kawaida baada ya kubadilisha rezolusheni. Bonyeza kitufe cha Auto kwenye skrini yenyewe, lakini kwanza fungua kitu cheupe kilichojaa kioo kizima, ukurasa mtupu wa Word watosha, manake skrini yatafuta kingo za picha na ikiwa nyuma ni nyeusi haioni inapoishia.

Hizo za Jumamosi. Ikiwa bando imekataa, intaneti imekataa na siku zinakimbia, kuna njia ya kukuvusha usiku wa leo. Bonyeza kile kitufe cha menyu kwenye skrini, tafuta penye maneno Aspect au 4:3. Skrini nyingi pana zina hilo, si zote. Ukiliweka utapata mikanda miwili myeusi kushoto na kulia na kila kitu kitakuwa kidogo kuliko ulivyozoea, lakini duara litakuwa duara, nyuso zitakuwa nyuso, na waweza kufanya kazi ukivumilia ukungu tu. Ni ya muda.

Na lile faili ulilolibana usijaribu kulipanua tena kwa macho, hutalipata sawasawa na mama yule atajua, mama hajui kukosea uso wa mwanawe. Futa picha yote, ilete upya kutoka kwenye flashi, na ukitaka kuikuza vuta kwenye pembe, sio ubavuni. Kazi zengine zozote ulizogusa kwa hizi wiki mbili zipitie pia, kila picha uliyoinyoosha kwa jicho ina ugonjwa ule ule ndani yake.

Siku mtambo ukirudi sawa wote, sauti, wifi, printa, kioo, kabla hujafanya lolote lengine chukua flashi, tengeneza folda ndani yake uiite draiva, kisha kwenye Start andika cmd, bonyeza kulia uchague Run as administrator, na uandike pnputil /export-driver * E:\draiva, hio E ibadilishe kwa herufi ya flashi yako. Draiva zote ulizoongeza zitanakiliwa humo. Flashi hio ifunge kwa karatasi, iandike jina, itie kabatini na vyeti vya watoto. Stima itakatika tena, na fundi yeyote atakayepiga Windows mpe hio mkononi.

Ile elfu nane, nakuomba sehemu yake iwe karatasi mpya za wale maharusi, karatasi nzuri, na kadi hamsini wapelekee mwenyewe mpaka nyumbani usiwasubiri waje. Lakini kabla ya kuchapa ya kwanza chora duara la sentimita 10 kwenye kioo, ulipime juu na ubavu. Likija kumi kwa kumi, chapa moja, itizame mchana nje ya mlango, ndio uendelee na zilizobaki.

Ami